Wamenuniana?

Mwanangu leo kashinda bubu. Asubuhi nilimwita aje kunywa chai, akaja ameshika koo huku anatikisa kichwa. Nikadhani mafindofindo. Kumbe ameuza sauti yake kwa mchawi ili apate miguu! Mtoto wa miaka 6, ambaye siku zote anaongea kama chiriku, kakaa kimya hadi adhuhuri kwa hiari yake.

Filamu anayoiiga naijua tangu utotoni: The Little Mermaid, ya 1989. Nilichosahau ni jinsi Ursula, yule mchawi, anavyomshawishi Ariel, binti nguva anayetaka miguu: wanaume wa nchi kavu hawapendi mwanamke msemaji. Jamani, maneno hayo nimeyasikia kwa mashangazi, kwa somo, kwa majirani wa uani. Sikutarajia kuyakuta chini ya bahari. Mtasema huyo ni mchawi tu, mtu mbaya wa hadithi. Sawa. Lakini mwaka 2016 wanaisimu wawili, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walihesabu maneno ya filamu hiyo wakakuta asilimia 68 yanasemwa na wanaume. Mchawi kasema, na filamu nzima ikamtii. Kaa, shakwe, samaki rafiki, mfalme, mpishi, wote wa kiume. Snow White ya 1937, ya zama za bibi zetu, iligawa maneno karibu nusu kwa nusu.

Jioni nikawa nafua begi lake la shule, lile la pinki nililomnunulia Kariakoo. Lina mabinti wa kifalme watano, bega kwa bega. Napitisha brashi usoni kwa mmoja mmoja, naona kila mmoja anatazama upande wake. Hakuna anayemwangalia mwenzake.

Hilo lilipangwa. Mwaka 2000 Andy Mooney, aliyehamia Disney, kampuni iliyotengeneza filamu hizo, kutoka Nike, ile ya viatu, alikwenda kwenye onyesho la barafuni huko Phoenix, Marekani, akakuta wasichana wamevaa magauni ya kifalme yaliyoshonwa nyumbani. Akaona soko limelala. Mabinti wa hadithi mbalimbali wakakusanywa chini ya jina moja, na mauzo yakapanda kutoka dola milioni 300 mwaka 2001 hadi bilioni 3 mwaka 2006. Sharti likawa kwamba wakiwekwa pamoja kwenye bidhaa wasitazamane, ili kila mmoja abaki na hadithi yake. Wasichana watano kwenye begi moja, na hata salamu hawana! Limeniuma kuliko yale ya mchawi, maana begi hili mwanangu hulibeba mgongoni kila siku.

Akaja kuchuchumaa karibu na beseni, sauti imesharudi.

"Mama, hawa wamenuniana?"

Nikamwambia hapana, wanaowauza ndio hawataki watazamane. Hakuridhika. Akaanza kuwaita kwa majina, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake yote, na kila alipomwita mmoja akamwitikia mwenyewe: "Abee!"