NaN za Ruaha Mkuu

Asubuhi hii nimesafisha kompyuta. Nimeandika apt autoremove, ikanipangia orodha ya vitu inavyodhani sivihitaji tena, na katikati ya orodha nikaiona gfortran. Nikabonyeza n haraka. Wanaonifahamu wanajua kwamba sijawahi kuandika Fortran, ile lugha kongwe ya programu za hesabu, kwa hiari yangu. Lakini programu ya hesabu za mto ya mzee mmoja wa Kihesa, Iringa, bado iko humu, na bila gfortran haiendi popote.

Kwa wasioizoea, gfortran ni mlango mmojawapo wa GCC, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa programu kuwa maagizo ya mashine. Richard Stallman alipoitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, kompaila hiyo ilijua C peke yake. Leo inajua C++, Fortran, Ada, Go, D na nyinginezo, na toleo la 15 la mwaka 2025 limeleta COBOL, jambo lililonifurahisha kuliko inavyostahili. Kila lugha ina sehemu yake ya mbele inayoisoma. Kisha zote hushushwa kwenye umbo moja la kati liitwalo GIMPLE, na huko ndiko hesabu zinakopunguzwa na kunyooshwa. Mwishoni sehemu ya nyuma hutoa maagizo ya prosesa uliyonayo, iwe Intel, ARM au nyingine. Kwa hiyo Fortran ya miaka ya 1980 inapata mafundi wale wale wanaoinoa C++ ya mwaka huu. Ingekuwa kompaila ya lugha moja tu, sidhani kama kuna mtu angejisumbua.

Mzee alikuwa mtu wa maji. Maisha yake yote ya kazi alipima mito, na programu waliiandika yeye na wenzake kwa ajili ya kituo kimoja cha Ruaha Mkuu, huko chini baada ya tambarare za Usangu. Mashine yake ilikwishakufa zamani. Kilichobaki ni karatasi za printa, zile pana zenye matundu pembeni, pamoja na madaftari ya kina cha mto. Mjukuu wake alikuwa ameyachapa yote upya na kuyatia kwenye flashi. Nikafika na laptopu, Julai, baridi ya Iringa imekaza, mzee kajifunika blanketi mabegani. Kamwene, shikamoo, marahaba mwanangu, chai, ndipo kazi.

Matatizo ya mwanzo yalikuwa ya kawaida, nayapitia upesi kwa faida ya yeyote mwenye Fortran ya zamani kabatini. Katika mpangilio ule wa kale, safu ya 1 hadi 5 ni ya namba za mistari, ya 6 ni ya kuonyesha kwamba mstari unaendelea, na maagizo hukaa safu ya 7 hadi 72. Kinachozidi 72 hakisomwi. Mstari mmoja ulisogezwa kidogo wakati wa kuchapa, jina HZERO likakatwa mkia likabaki HZER. Fortran ya zamani haiulizi: jina lisilotangazwa hupewa aina kwa herufi yake ya kwanza, I hadi N ni namba kamili, zilizobaki ni desimali. Kwa hiyo kikazaliwa kigeu kipya chenye takataka ndani yake, na programu ikaendelea bila kulalamika. Ukiweka -Wall, chaguo la kuwasha maonyo, gfortran inakuonya kwamba mstari umekatwa. Iweke kila mara.

Cha pili ni vigeu vya ndani ya sabrutini, yaani kipande cha programu kinachoitwa kila kinapohitajika. Mashine nyingi za zamani zilivitunza vigeu hivyo mahali pamoja, thamani ikabaki hadi sabrutini iitwe tena, na watu wakaandika programu wakitegemea hilo bila kuweka SAVE, neno linaloagiza thamani itunzwe. GCC haikuahidi kitu kama hicho. Jumla za mwezi zilikuwa zinarukaruka, na ukiongeza -O2, chaguo la kuharakisha programu, zinaruka kivingine. Chaguo la -fno-automatic lilizituliza, na -std=legacy ikaipa kompaila uvumilivu kwa mambo mengine yaliyopitwa na wakati. Tukalinganisha na karatasi za zamani: zikaoana hadi desimali ya mwisho iliyochapwa, isipokuwa tofauti ndogo ambazo mzee alizikubali kwa kutikisa kichwa.

Baadaye tukashuka hadi kwenye miaka ambayo programu ile haikuwahi kuiona, ile iliyokuwa kwenye madaftari tu. Hadi 1992 jumla za mwaka zilikuwa namba safi. Kuanzia 1993, kila mwaka ulisoma NaN.

Mzee akavaa miwani, akasogea karibu na skrini.

“Hii ni nini?”

“Kompyuta huandika hivyo hesabu ikikosa jibu, mzee. Ikiingia siku moja tu kwenye jumla, mwezi mzima unaharibika, na mwaka nao.”

“Siku gani?”

Swali zuri, na GCC ina jibu lake. Nikakompaili upya:

gfortran -std=legacy -fno-automatic -g -ffpe-trap=invalid mto.f -o mto

Chaguo la mwisho huifanya programu isimame papo hapo hesabu batili inapotokea, badala ya kuibeba kimya kimya hadi mwisho. Kwa sababu ya -g, inakuambia na namba ya mstari. (Msiitumie -ffast-math kwenye kazi ya namna hii. Huipa kompaila ruhusa ya kudhani kwamba NaN haipo duniani, hata ukaguzi ulioandika mwenyewe unaweza kufutwa.) Ikasimama hapa:

Q = A*(H-HZERO)**B

Q ni mtiririko wa maji, nyota mbili ni alama ya kipeo, na H ni kina kilichosomwa kwenye ubao wa vipimo. HZERO ni kile kina ambacho maji yakishuka chini yake, mto hautiririki tena, yanabaki madimbwi tu. B ilikuwa desimali. Kina kikiwa chini ya HZERO, unapandisha namba hasi kwa kipeo chenye desimali, na jibu halipo kwenye namba halisi. Walioiandika hawakuweka kinga kwa sababu hawakuwa na haja nayo. Mto Ruaha Mkuu, wakati wao, haukuwa unasimama. Ni kuanzia 1993 ndipo ulipoanza kukauka kiangazi huko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Niliwaza baadaye kwamba tulibahatika kwa ile desimali. B ingekuwa 2 kamili, au hata 2.0, hasi mara hasi ingetoa chanya, programu ingeonyesha maji mazuri tu kwenye mto mkavu, na hakuna kompaila ambayo ingeshtuka.

Dawa ni mstari mmoja. Nikaanza kuuandika: IF (H.LE.HZERO) Q = 0.0

“Subiri kwanza, kijana,” mzee akasema. “Nisomee kina cha siku hiyo.”

0.41. Akafungua daftari, akashusha kidole. “Sawa. Hapa ulikauka kweli. Nenda inayofuata.”

Inayofuata: 0.00. Kidole kikashuka tena, kikasimama mahali ambapo hapakuandikwa kitu. “Hapa haukukauka. Hapa msomaji alikwenda msibani.”

Tulikaa kwenye ukurasa ule muda mrefu. Utaratibu wa ofisini kwao ulikuwa kuandika -9.99 kwa siku isiyosomwa, na programu ilijua kuiruka. Mjukuu hakuambiwa, akaacha wazi palipokuwa wazi. Na Fortran, ukiiagiza isome kwa F6.2 nafasi sita zisizo na kitu, inasoma sifuri. Haitoi onyo kwa sababu siyo kosa. Kanuni ya lugha ndiyo inavyosema. Sifuri iko chini ya HZERO, kwa hiyo nayo ikazaa NaN, sura ile ile kabisa na NaN ya mto mkavu. Mstari wangu mmoja ungezigeuza zote kuwa ukame.

Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba siku za ukame wa mto ule zinahesabiwa na watu wengi wenye hoja zao: wenye mpunga Usangu, wafugaji, watu wa umeme wa Mtera na Kidatu. “Ukiwaongezea siku, watazitumia.”

Basi tukaandika upya sehemu ya kusoma. Mstari wa data unaingia kwanza kama herufi tupu kwenye kigeu KADI, na kabla ya kuugeuza kuwa namba unaangalia IF (KADI(11:16).EQ.' '). Fortran hujaza nafasi yenyewe inapolinganisha, kwa hiyo alama moja ya nafasi inatosha. Pakiwa wazi, siku inapata -9.99 na kurukwa. Pakiwa na namba iliyo chini ya HZERO, mtiririko ni sifuri halali.

Zilibaki siku ambazo hata daftari halikusaidia. Kurasa nyingine zililiwa na mchwa. Nyingine zilikuwa na 0.00 iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino, na mzee aliitazama kila moja kwa kuirudia na hakuweza kuapa kama msomaji aliona dimbwi limekauka chini ya ubao au hakufika kabisa. Akaomba zipewe alama yake, zisichanganywe na zozote. Tukazipa -7.77.

Zimo mpaka leo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwamba kwa data ile mto ulikauka siku ngapi kwa mwaka, programu inatoa majibu mawili, moja pamoja na zile -7.77 na jingine bila yake. Nawapa yote mawili, pamoja na maelezo. Kwa kawaida wanaondoka na moja.