Roketi zangu ziliangukia theluji

Watu wengi wanaorusha helikopta kwenye kompyuta hawaigusi kabisa ile sehemu ya kuchagua joto la hewa. Watahangaika na mawingu, watachagua saa ya magharibi ili jua lipendeze, lakini joto wataliacha kama walivyolikuta. Mimi ndilo la kwanza kuligusa. Labda ni kazi: natengeneza mafriji na viyoyozi hapa Wete, kutwa niko na geji, gesi na digrii, na usiku tabia hainitoki.

Mpwa wangu yuko Unguja. Intaneti ikikubali tunaruka pamoja, yeye na Apache yake, helikopta ya kivita ya Wamarekani, mimi na Mi-24 ya Warusi. Juzi ilikuwa zamu yake kupanga mambo, akatupeleka milima ya Kaukazi, katikati ya majira ya baridi, digrii 20 chini ya sifuri. Mimi napenda kulenga kwa jicho, bila kompyuta kunisaidia. Nikaja kwa mwendo wangu wa kawaida, pembe ya kawaida, nikafyatua kwenye umbali niliouzoea. Roketi zote zikachimba theluji kabla ya kufika.

"Mjomba, roketi zako hazijala leo?"

Zake zilifika. Haikuwa ustadi. Apache ina vipima hewa vinavyoilisha kompyuta ya kulengea, na kompyuta inanyanyua alama ya shabaha yenyewe bila kumwambia mtu. Yeye kafuata alama, basi.

Tukaanza kubishana kwa nini zangu zimepungukiwa. Yeye: baridi imeiua baruti. Mimi: hewa.

Hewa ya wazi haina chupa ya kuibana. Ikipata joto inatanuka, na mita moja ya ujazo inabaki na hewa pungufu. Usawa wa bahari, kwa shinikizo la kawaida na digrii 15, mita hiyo ina kilo 1.225 za hewa. Kwenye digrii 32, yaani mchana wetu wa kaskazi, ni kama 1.16. Kwenye 20 chini ya sifuri ni 1.39. Hewa aliyonipeleka mpwa wangu ilikuwa nzito kuliko ya kaskazi kwa asilimia 20 hivi, na ukinzani unaoikabili roketi hupanda sambamba na uzito huo.

Halafu iangalie roketi yenyewe. Mota ya S-8, ile ya milimita 80 ninayobeba, inawaka chini ya sekunde moja. Hydra 70 ya Wamarekani, anayobeba mpwa wangu, kiasi cha sekunde moja. Baada ya hapo hakuna msukumo tena, ni chuma kinachokwenda kwa mwendo kilichokwisha kupewa, na hewa inakipunguza mpaka kitue. Ukipiga kitu kilichoko kilomita mbili na zaidi, karibu safari nzima ni hiyo isiyo na moto.

Kuna kinachopunguza makali kidogo. Sauti nayo huenda polepole kwenye baridi: mita 350 kwa sekunde kwenye digrii 32, mita 319 kwenye 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo roketi ya mwendo ule ule inaizidi sauti kwa uwiano mkubwa zaidi ikiwa kwenye baridi, na umbo linalokwenda kasi kuliko sauti hupata kigawo kidogo cha ukinzani, yaani kipimo cha jinsi hewa inavyolizuia umbo lake, kadiri uwiano huo unavyopanda. Hasara basi haifiki asilimia 20 kamili. Lakini ipo, na kwa mtu anayelenga kwa jicho inatosha kumwaibisha mbele ya mpwa wake.

Hapa kwetu usingeona kitu. Kutoka asubuhi ya kipupwe, digrii 22, mpaka mchana wa kaskazi, uzito wa hewa unatofautiana kama asilimia 3 tu. Unyevu unaongeza kidogo, tena kwa upande ambao watu hawautarajii. Hewa yenye mvuke ni nyepesi, maana molekuli ya maji ina uzito wa 18 na hewa kavu ina wastani wa 29. Mchana wa jasho jingi unaipunguzia hewa yetu asilimia moja na ushei. Wateja wangu wanaosema hewa ya Pemba nzito wanazungumzia mashati yao.

Baruti sasa. Kwenye roketi ya kweli mpwa wangu ana haki yake. Baruti ngumu iliyolala kwenye baridi huungua polepole, na iliyopata joto huungua haraka. Jumla ya nguvu haibadiliki sana, ila kwenye baridi inatoka kidogo kidogo kwa muda mrefu zaidi. Kwa helikopta iliyosimama hewani hilo si jambo dogo. Roketi inatoka kwenye bomba lake taratibu, mapezi bado hayana hewa ya kuyashika, na juu yake pangaboi linamwaga upepo. Upepo wa ubavuni nao, mota ikiwa bado inasukuma, huigeuza pua ya roketi ielekee kule upepo unakotoka, na roketi yenye mwendo mdogo hugeuka zaidi. Wapiga mizinga wa NATO hutayarisha majedwali yao kwa baruti ya digrii 21, kisha wanasahihisha joto la baruti na joto la hewa, kila moja kivyake.

Hilo la kila moja kivyake ndilo nililokuwa nampigia kelele. Kwenye kompyuta unaweza kuyatenganisha bila kumuuliza aliyeandika programu. Rudia mchezo kwa mwendo wa polepole, pima tangu moto unapotokea mpaka unapozimika, mara moja kwenye baridi kali na mara moja kwenye digrii 40. Muda ukibadilika, simuleta, yaani hiyo programu ya kuigiza kuruka, inaipasha na kuipoza baruti. Usipobadilika, imeshughulika na hewa peke yake. Tulipopima yetu hatukuona tofauti yoyote kwa macho. Yakhe akanyamaza kidogo.

Makombora yanayoongozwa ni hadithi nyingine, na fupi. Hellfire ya leza, kombora la Apache linalofuata leza unayoimulika shabaha, inafika kilomita 8 na inajirekebisha njiani, kwa hiyo umbali wa kawaida huoni baridi wala joto. Utaviona kwenye ukingo wa masafa tu: kwenye hewa nzito inachoka mapema na inachelewa, nawe unalazimika kushikilia leza muda mrefu zaidi huku unapigwa. Kwenye hewa ya joto inakwenda mbali, lakini mapezi yana hewa kidogo ya kukamata na kona zake ni pana.

Jana ilikuwa zamu yangu kupanga. Nikachagua uwanja wa milimani, mita 1,500 juu ya bahari, nikaweka digrii 40. Kwa pangaboi hapo ni sawa na kuruka kwenye mita 2,700 hivi za hewa ya kawaida, na injini nazo zinavuta hewa hiyo hiyo nyembamba. Warusi na Mi-24 zao kule Afghanistan hawakuwa wakijinyanyua wima wakiwa na mzigo. Walikimbiza magurudumu kwenye njia kama ndege mpaka mwendo uwasaidie kupanda. Nikafanya hivyo, na nusu tangi ya mafuta.

Mpwa wangu alijaza kila kitu, mafuta, roketi, makombora, akavuta juu papo hapo alipoegesha. Apache ikanyanyuka kidogo, ikalalamika, ikarudi chini. Akavuta tena.

"Punguza roketi," nikamwambia.

"Sasa mjomba, si leo ndiyo zinafika mbali?"