Homa ya 2009 ilivyompita Bibi

Kusi la 2009 lilituletea homa nyumbani kwetu Kibokoni, Mombasa. Alianza mdogo wangu, akamfuata mama, kisha mimi, kisha mjomba anayekaa ghorofa ya juu. Redio zilikuwa zikiiita homa ya nguruwe, na barazani watu wakiulizana nguruwe wametoka wapi Mji wa Kale. Sisi hatukupimwa, kwa hivyo siwezi kuapa kuwa ndiyo hiyo, ila ilikuja msimu wake na ilikuwa kali. Ukigusa nywele, kichwa kizima kinauma.

Bibi, mzaliwa wa miaka ya 1930, ndiye aliyetuuguza. Akichemsha majani, akitufunika shuka tujifukize, akimpangusa mdogo wangu makamasi kwa upindo wa leso, na leso ile ile akijifutia jasho usoni. Mama akimsihi aache, hasikii. Na hakupiga hata chafya.

Binamu yangu, aliyekuwa akisomea utabibu Nairobi, alikuja likizo akamkuta anajisifu kwa dua na tangawizi.

"Dua sibishani nayo, Bibi," akasema. "Lakini homa hii labda mwili wako unaijua tangu utotoni."

Akaeleza kwamba virusi vya mafua vya jamii ya H1N1, jamii ya hiyo homa ya nguruwe, vilizunguka duniani tangu 1918 hadi 1957, na waliozaliwa kabla ya hapo wengi wamebaki na kingamwili, yaani protini za kinga katika damu, zinazovitambua hata vikirudi vimebadilika kiasi. Ndiyo maana mwaka ule vijana walipatwa zaidi kuliko wazee.

Nikamuuliza mbona virusi viko kifuani na magoti ndiyo yanayouma. Hapo ndipo alipochangamka. Seli iliyovamiwa, alisema, hutoa intaferoni, protini inayowapa jirani habari: fungeni, hodi hii si ya heri. Seli jirani huanza kuunda protini za kuharibu virusi kabla havijafika. Protini nyingine za kupeleka habari kama hiyo, ziitwazo saitokini, mfano intalukini-6, husafiri kwa damu hadi ubongo ukapandisha joto. Wagonjwa wa homa ya ini waliodungwa intaferoni kama dawa walitetemeka na kuumwa viungo kama wenye mafua, na mafua hawana. Habari hiyo ilinipendeza kuliko zote: kumbe sehemu kubwa ya mateso yangu nilijipa mwenyewe.

Intaferoni iligunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, kwa virusi vya mafua na utando wa mayai ya kuku. Mwaka ule ule H1N1 ilipotoweka.

Kwa aliyewahi kuugua, akaendelea, mambo huenda mbio. Mara ya kwanza seli T, askari wa kinga ya mwili, huchukua takriban wiki kujikusanya mapafuni. Baadaye baadhi hubaki huko huko, na virusi vikirejea humwaga intaferoni gama, aina nyingine ya intaferoni, ndani ya saa chache, huku nyingine zikitoa intalukini-21 ya kuhimiza seli B, askari wengine wa kinga, zitengeneze kingamwili.

"Kwa hivyo uzee wangu ndio dawa?" Bibi akauliza. "Yaambie na haya magoti."

Mwaka uliofuata mafua mengine yalimlaza chali. Binamu alipopiga simu kumpa pole, aliichukua mwenyewe.

"Hizo seli zako zimesahau kazi?"

"Huenda hii ni ya ukoo mwingine, Bibi, hazijawahi kuiona. Iko chanjo ya kuzifundisha."

"Na mwaka jana hukusema kwa nini?" akamjibu, akanirudishia simu.