Kabla ya kuunganisha sola na laini ya stima

Malindi, mwenye nyumba akitaka sola ya kuunganishwa na laini ya Kenya Power, swali lake la kwanza huwa "nitauza uniti ngapi?" Ajiulize kwanza atatumia ngapi mchana. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, inamruhusu mteja mwenye mtambo usiozidi megawati 1 kuomba mkataba wa kubadilishana umeme na kampuni inayomuuzia. Kanuni zilizofuata mwaka 2024 ndizo zenye uchungu kidogo: ukipeleka uniti 10 nje, unaandikiwa 5. Na unaandikiwa uniti za kupunguza bili, hulipwi pesa mkononi.

Paneli za kilowati 3 huku Pwani hutoa kama uniti 12 siku ya jua zuri. Nyumba ikitumia 4 mchana, 8 zinatoka na 4 tu ndizo zinarudi, kwa hivyo umefaidi 8. Sasa chukua pampu ya kidimbwi ya kilowati 1.1 iliyokuwa ikizunguka usiku, ifungie taima iwake saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Inakula uniti 4.4 palepale, nje zinatoka 3.6 na zinarudi 1.8. Umefika 10.2 bila kuongeza hata paneli moja. Mwenye mashine ya barafu ya samaki kule Lamu ana bahati zaidi, mzigo wake ni wa mchana tayari.

Kazi yenyewe haifanywi na fundi yeyote. Kanuni za sola za 2012 ziligawa leseni za mafundi kwa madaraja, na mitambo inayoshikana na laini ni ya daraja la T3. Omba kuiona leseni kabla ya kutoa malipo ya awali. Na usiwashe mtambo kabla mita haijabadilishwa ikawa ya kuhesabu pande zote mbili. Baadhi ya mita za tokeni huhesabu umeme unaotoka kama umeingia: jua linawaka, tokeni zinayeyuka. Nyingine hudhani zimechezewa, zikakata stima.

Kinachosumbua zaidi ni volti. Umeme wa kilowati 5 kwa volti 240 ni ampea karibu 21. Kutoka nguzoni hadi nyumbani kukiwa na mita 100 za waya wa alumini wa milimita 16 za mraba, kwenda na kurudi ni ukinzani wa omu 0.38 hivi. Zidisha kwa 21 upate volti 8. Inveta, mashine inayogeuza umeme wa paneli uwe kama wa laini, haiwezi kusukuma umeme nje bila kuipita laini kwa volti hizo. Laini ikiwa 247 saa sita mchana, inveta inaona 255. Nyingi zinakuja zimewekewa 230 na nafasi ya asilimia 10, yaani mwisho 253, basi inajizima, inarudi, inajizima tena. Mwenye nyumba anadai inveta ni mbovu, na fundi mvivu anapandisha kikomo hadi 270 ili simu za malalamiko ziache kulia. Hapo friji ndiyo italipa. Dawa ni waya mnene zaidi, inveta karibu na mita, au kuweka kikomo cha umeme unaotoka.

Stima ikipotea, inveta ya laini lazima izime yenyewe. Kipimo cha IEC 62116 (IEC ni shirika la kimataifa la viwango vya umeme) kinadai ndani ya sekunde 2. Transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi 415 hupandisha vilevile ikilishwa kinyume, na juu ya nguzo kuna mtoto wa watu anayeamini laini imekufa. Ndiyo maana jenereta ya kuchomekwa kwenye soketi kwa waya wa plagi mbili ni hatari hata kama jirani amefanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Ukitaka taa wakati stima imepotea, nunua inveta ya haiburidi, yaani inayotumia laini na betri pia, yenye njia ya pekee ya vifaa vidogo. Hakikisha inaunganisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na athi (waya wa ardhini) inapojitenga na laini, la sivyo breka ya RCD, ile ya kukata umeme unapovuja, inaweza kukosa kukata mtu akipigwa na umeme.

Chumvi nayo haina huruma. Boliti ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, paneli ziwe zimepita kipimo cha IEC 61701, na usifunge paneli kabisa kwenye paa la makuti. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hivyo ongea na Makavazi ya Kitaifa kabla ya kutoboa paa.

Siku ya kukabidhiwa, zima swichi kuu jua likiwa kali na upime volti upande wa inveta: lazima ziishe ndani ya sekunde 2. Washa tena uangalie saa. Inveta iliyopangwa vizuri husubiri, mara nyingi dakika 1 hadi 5, kabla ya kurudi kwenye laini. Ikirudi papo hapo, usitie sahihi.