Jiwe la Kilindini

Assalamu alaykum ndugu zangu.

Jumatano baada ya Alasiri nilikaa pale Mama Ngina, ufukweni hapa Mombasa, chini ya mibuyu, natazama meli ya makontena ikiingia bandari ya Kilindini na feri ya Likoni ikingoja ipite. Mjukuu wangu alikuwa akila mihogo. Akaniuliza, "Babu, mbona jiwe hili lina matumbawe, na bahari iko kule chini?"

Suali lake limenikaa wiki nzima.

Kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe. Ulijengeka majini zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Baadaye barafu ikatanda kaskazini mwa dunia, ikayafunga maji, hata miaka kama 20,000 iliyopita bahari ikawa imeshuka mita 120 hivi. Mito ya bara ikaifuata huko chini, ikichimba mabonde. Barafu ilipoyeyuka, maji yakarudi yakayajaza. Ndiyo Kilindini hiyo, ndiyo na hori ya Tudor. Kina kinachopokea meli, riziki ya nyumba ngapi za mji huu, kilichongwa kabla hajatokea mwenye meli. Na matumbawe yale ndiyo yaliyojenga Fort Jesus kuanzia 1593, na nyumba za Mji wa Kale, na kuta za misikiti yetu ya zamani.

Barafu ile ililetwa na nini? Dunia hulizunguka jua kwa mwendo wa kilomita 30 kila sekunde, mhimili wake umeinama. Mwinamo huo huongezeka na kupungua, kati ya digrii 22 na 24 na nusu, kwa muda wa miaka 41,000. Tena Dunia huyumba kama pia ya watoto inayochoka, na njia yake hurefuka kidogo kisha ikakaribia duara. Milutin Milanković wa Serbia alizipigia hesabu harakati hizi miaka mingi. Jua la kiangazi cha kaskazini likipungua kidogo tu, theluji haiyeyuki ikaisha. Hupandana mwaka juu ya mwaka.

Chini ya miguu yetu nako, kilomita 2,900 hivi, chuma kilichoyeyuka kinazunguka. Humo hutoka usumaku unaoelekeza dira ya nahodha, na unaotukinga na chembe kali zitokazo juani.

Juu mbio, chini moto, na chai kikombeni haitikisiki. Hapa nasema Subhanallah na sauti hunikatika. Surat Yasin inatwambia kila kimoja kinaogelea katika njia yake. Naisoma tangu utotoni chuoni, na wiki hii ndipo iliponiingia.

Tazameni kalenda ya swala msikitini. Hapa kwetu Magharibi huwahi zaidi mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba, ikachelewa zaidi Februari, na tofauti haifiki dakika 40. Dakika hizo zinatokana na mwinamo ule ule na njia ile ile.

Jumatano hiyo nilimjibu mjukuu wangu mpaka tukasikia adhana. Meli ilikuwa imeshapita, feri zinavuka.