Kunguru kapewa cheo cha popo

Hivi mnajua kunguru wetu hawa wa Dar, wanaompokonya mtoto chapati mkononi mchana kweupe, kitaalamu wamo kundi moja na chozi na shorewanda, yaani ndege waimbaji? Mie hili limenikaa kooni. Sauti ya ndege inatokea chini kabisa, pale njia ya hewa inapogawanyika kwenda mapafuni, na kundi hili lina misuli midogo midogo hapo ya kuichezea. Kwa hiyo kunguru vyombo vyote anavyo, ila anachotoa ni kraa kraa juu ya bati hata jua halijachomoza.

Sasa njoo kwa popo. Kungu zikiiva nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Upanga wanakuja wale popo wakubwa wa matunda, dume ananing'inia tawini anaita ting, anatulia kidogo, ting tena, kama mtu anagonga nondo mtaa wa pili, usiku huo unaisha hivyo. Babu mlinzi anaapa ni chura. Juzi nikammulika na tochi ya simu, mabegani ana vifuko, akiita manyoya meupe yanachanua kutoka humo, yote hayo anatafuta mchumba jamani! Na hapo anatumia koo la kawaida tu kama letu, ni mnyama huyu, ananyonyesha. Hata njia haitafuti kwa mwangwi wa sauti yake kama vile vipopo vya darini, anategemea macho na pua.

Mama mwenye nyumba anamchukia popo kuliko kunguru, eti anachafua gari, na ni kweli, anafyonza maji ya kungu makapi anayatema kwenye boneti. Ila kunguru ndo mgeni, aliletwa Zanzibar toka India miaka ya 1890 asafishe taka, leo yuko Dar nzima anakula mayai na makinda ya hao waimbaji wenzake na kiota anajengea waya za watu. Popo jike kitoto chake kimoja, anaruka nacho kifuani.

Basi mama anataka mkungu ukatwe. Nikamwambia mama, ukiukata kunguru atahamia nguzo ya umeme, atakayeondoka ni popo tu.

"Haya mwanangu, basi gari utaosha wewe."

Nimekubali, ndoo ninayo.