Kura ya "nisaidie tu, haichukui dakika"

Msimu wa mashindano ya filamu fupi mtandaoni ukifika, makundi ya WhatsApp hapa Nairobi hujaa ujumbe wa sampuli moja: "Wadau, nisaidieni kura, fungua linki ubonyeze moyo, haichukui hata dakika." Filamu yenyewe ina dakika saba. Anayeomba na anayebonyeza wote wanajua haitatazamwa, na hakuna kanuni ya shindano iliyovunjwa.

Waandaaji wakilalamikiwa kuhusu kura hukimbilia kusaka roboti na akaunti bandia. Zipo, nitazigusia. Lakini kinachopotosha matokeo zaidi ni kura halali kabisa za shangazi, wanakwaya na wanachuo wenzake mshindani. Kura hizo zinapima ni nani ana namba nyingi kwenye simu. Mhariri wa filamu wa mtaa wa River Road mwenye marafiki thelathini hana lake mbele ya mwanafunzi aliye katika makundi kumi ya chuo, filamu yake iwe nzuri vipi.

Dawa ni kumnyima mpigakura nafasi ya kuchagua atazame nini. Mfumo umpangie.

Tuseme filamu ni 40, za dakika tano kila moja. Hakuna raia atakayekaa dakika 200. Mpe kila mpigakura filamu sita zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, nusu saa tu, azipange kuanzia bora hadi dhaifu. Ya kwanza ipate pointi 5, ya mwisho 0, kisha uchukue wastani wa pointi za kila filamu. Ukitaka kila filamu itazamwe na watu 30, unahitaji wapigakura 200 waliomaliza kazi. Bahati nasibu isiachwe huru kabisa, maana filamu moja inaweza kupata watazamaji 45 na nyingine 17; mfumo uanze kila mara na zile zilizotazamwa mara chache zaidi. Na bando la mtu lihurumiwe: filamu sita kwa ubora wa 360p hula takriban MB 150, ubora wa juu huzidisha mara kadhaa. Weka ubora wa chini uwe ndio chaguo la kwanza.

Aliyeletwa na linki ya mshindani? Mkaribishe, aitazame filamu ya rafiki yake, ila isiwe miongoni mwa sita zake. Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, hufanya vivyo hivyo: mtazamaji haipigii kura nchi yake. Wengi watatoka wakiona kazi ya nusu saa, na sioni hasara hapo. Ukiona huwezi kuwakatisha tamaa mashabiki, watengee tuzo yao ya kura za wazi, bila pesa ndani yake.

Wapigakura wa uhakika zaidi ni washindani wenyewe. Mwaka 2009 mwanaastronomia Michael Merrifield na mwanahisabati Donald Saari walipendekeza utaratibu wa aina hii kwa wanaogombea muda wa kutumia darubini kubwa: kila mwombaji apange maombi ya wenzake. Mwaka 2013 taasisi ya Marekani ya National Science Foundation iliujaribu, kila mwombaji akapewa maombi saba. Katika filamu, kanuni iwe kwamba asiyewasilisha mpangilio wake filamu yake inaondolewa. Hofu ni mtu kumshusha mpinzani mkali makusudi. Ndiyo maana mpangilio ni bora kuliko alama: kwenye alama za 1 hadi 10 mtu mmoja mwenye wivu hutupa 1 na kuangusha wastani, ila kwenye mpangilio anayemshusha mmoja analazimika kumpandisha mwingine. Ondoa pia nafasi moja ya juu kabisa na moja ya chini kabisa kwa kila filamu kabla ya kupiga wastani.

Idadi ya kura isionekane hadi upigaji ufungwe. Hili halina mjadala kwangu. Watafiti Salganik, Dodds na Watts walichapisha mwaka 2006 jaribio lenye washiriki 14,341 na nyimbo 48. Watu walipoonyeshwa wimbo umepakuliwa mara ngapi, maarufu zilizidi kuwa maarufu, na ikawa vigumu zaidi kutabiri ipi ingeshinda. Nyimbo bora kabisa ni nadra zilivurunda na mbovu kabisa ni nadra zilifanya vizuri. Zilizo katikati ziliangukia popote. Mashindano mengi ya filamu huamuliwa hapo hapo katikati.

Kama umeng'ang'ania nyota au alama, usitumie wastani mtupu. Filamu ya kura 12 zenye wastani wa 9.5 itaipita ya kura 240 zenye 8.1. Iongezee kila filamu kura 30 za kubuni zenye wastani wa shindano zima, tuseme 6.5. Ya kwanza itashuka hadi 7.36, ya pili itakuwa 7.92.

Kosa linaloniudhi zaidi liko kwenye kuchanganya kura na jopo. Tuzo za Kalasha, za filamu na televisheni hapa kwetu Kenya, huchanganya vyote viwili, na wazo lenyewe ni zuri. Balaa ni hesabu. Mwandaaji anatangaza "majaji asilimia 70, umma 30" na watu wanatulia. Majaji hutoa alama zinazokaribiana: filamu A 82, B 76. Kura za umma zinageuzwa kuwa asilimia ya anayeongoza: B 100, A 10. Piga hesabu: A inapata 57.4 na 3, jumla 60.4. B inapata 53.2 na 30, jumla 83.2. Asilimia 30 ya umma imewafunika majaji kabisa. Geuza pande zote mbili kuwa nafasi, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ndipo uchanganye.

Sasa udanganyifu wenyewe. Kuzuia kura kwa anwani ya IP, namba inayotambulisha kifaa mtandaoni, ni kosa hapa Kenya: kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hosteli nzima au saiba huonekana kama mtu mmoja. Utawafungia wapigakura halali huku mjanja akibadilisha anwani kwa VPN. Barua pepe pekee haitoshi pia, kwa sababu Gmail haijali nukta wala kilichoandikwa baada ya alama ya kujumlisha: jina.langu na jinalangu+2 huingia kisanduku kimoja. Zisafishe kabla ya kuhesabu. Namba ya uthibitisho kwa SMS ni afadhali, ingawa wengi wana laini mbili, na ujumbe huchelewa saa ya mwisho watu wakirundikana. Funga upigaji saa sita mchana siku ya kazi, usifunge usiku wa manane. Ukikusanya namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu: eleza unazitumia kwa nini, na uzifute ukimaliza.

Kinachofichua roboti vizuri zaidi ni muda. Kura iliyopigwa sekunde 20 baada ya kufungua filamu ya dakika tano itupwe, iwe ya roboti au ya shangazi. Kura za kundi la WhatsApp hupanda ghafla kisha hupungua taratibu. Za mashine huingia kwa mwendo ule ule hata saa tisa usiku.

Na shindano linalouza kura kwa M-Pesa ni harambee. Liitwe hivyo.

Kanuni zote, pamoja na namna ya kuamua sare, zitangazwe kabla ya filamu ya kwanza kupokelewa. Matokeo yakitoka, weka hadharani jedwali la nafasi zote bila majina ya wapigakura, idadi ya kura zilizotupwa na sababu, kisha toa siku saba za rufaa kabla ya kulipa zawadi.